Kwani Lazima Awe Amepigwa?

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno siku hizi, kwenye mijadala ya vitabu, kwenye makundi ya WhatsApp ya wasomaji, hata kwenye semina ya waandishi nilikokwenda kwa ajili ya chai: "Sisi hatuna vitabu vya namna hiyo." Vya namna hiyo, yaani vitabu vya maisha ya kweli, si riwaya, ambamo mwanamke anaeleza alimtaka nani, alimtaka vipi, na ikawaje. Kwa kawaida husemwa na mtu aliyetoka kusoma Three Women cha Lisa Taddeo, Mmarekani aliyetumia miaka minane kufuatilia maisha ya mapenzi ya wanawake watatu wa nchi yake, kitabu kikatoka 2019. Au aliyesoma The Sex Lives of African Women cha Nana Darkoa Sekyiamah wa Ghana, cha 2021, chenye simulizi za wanawake zaidi ya thelathini wa bara hili na wenye asili yake. Vyote nimevisoma, cha pili mara mbili. Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "hatuna".

Tunacho. Mwaka 1991 chuo kikuu cha Indiana, huko huko Marekani, kilichapisha kitabu kwa Kiswahili kinachoitwa Wanawake Watatu wa Kiswahili. Toleo la Kiingereza lilitangulia 1989. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na bibi watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakawaacha waseme. Wakasema. Ndoa, talaka, ngoma, nani alimtawala nani ndani ya nyumba. Mmoja ametoka kwenye ukoo uliomiliki watumwa, mwingine ni mjukuu wa watumwa, na wote wamo ndani ya jalada moja kwa lafudhi zao wenyewe. Angalia hesabu: wanawake watatu, maisha ya kweli, miaka ishirini na nane kabla ya Taddeo. Na kwa lugha yetu! Muulize msomaji yeyote aliyekwambia "hatuna" kama amewahi kukishika. Mimi mwenyewe nilikiona kwa mara ya kwanza maktaba ya chuo kikuu, kimekaa na historia ya Kenya, kadi yake ya kuazimia iko tupu.

Kwa hiyo hoja ya kwamba hatuna, au kwamba Mwafrika hazungumzii mambo haya, naiweka kando. Tunayo na tunayazungumza. Swali linaloniuma mimi ni jingine: yanazungumzwa ya nani?

Nimezaliwa Chala, wilaya ya Nkasi, katika nyanda za juu za Ufipa. Kwa asiyepajua: ukitoka Sumbawanga kuelekea Namanyere utapita kwetu, na kama ni Juni utapita umevaa koti. Tunalima mahindi, maharage na ulezi. Kanisa tunalo, kubwa. Nilipofika Dar es Salaam kusoma, wenzangu wa bwenini walikuwa na maswali mawili tu juu ya nyumbani. La kwanza ni la radi, kama kweli tunaitengeneza wenyewe. La pili ni la uchawi kwa ujumla. Hakuna aliyeniuliza kama watu wa kwetu wanapendana.

Wakati huohuo, binti wa Tanga chumba cha pili hakuulizwa chochote ila mapenzi. Eti nyie mnafundishwa. Eti nyie mnajua. Akawa anajibu hadi akachoka, maskini, maana naye alikuwa anasomea uhasibu na mambo mengi hakuyajua. Ndipo nilipoanza kuona jinsi tulivyogawana nchi. Hamu ni ya pwani. Bara ni kazi, uzazi na dawa za kienyeji.

Mgawanyo huu haukutoka hewani, una vitabu na nyimbo nyuma yake. Pwani ina Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wasia wa namna ya kuishi na mume, na mpaka leo unafundishwa. Ina Siti binti Saad aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu uliotoka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Ina Bi Kidude, aliyeimba na kupiga ngoma za unyago mpaka uzeeni, akafariki 2013 na dunia nzima ikaandika. Ina makungwi, ina kanga zenye maneno. Hata kitchen party za Sumbawanga siku hizi hukodi somo wa kutoka pwani, au anayejifanya wa pwani, anavaa dera, anavuta maneno, anawafundisha mabinti wa Kifipa mambo ambayo inasadikika mama zao hawayajui. Nimehudhuria tatu. Katika zote somo alifundisha namna ya kumridhisha mume. Zawadi zilikuwa masufuria.

Na hata hiyo ya pwani isitupumbaze. Wasia wa Mwana Kupona ni wasia wa kumtunza mume. Mafumbo ya taarabu yana raha yake, lakini fumbo ni fumbo: anayeimba anaweza kukana kesho asubuhi. Ndiyo maana nawathamini wale bibi watatu wa Mombasa. Wao walisema "mimi", majina yao yakachapwa kitabuni.

Sasa njoo Ufipa uone rafu yetu. Usidhani hatujaandikwa. Askofu Adolphe Lechaptois wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, alitoa kitabu kwa Kifaransa mwaka 1913 juu ya watu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Wafipa tumo, na ndoa zetu na mila zetu. Kwa hiyo miongoni mwa wa kwanza kuziandika ndoa za Wafipa kitabuni yumo askofu. Simcheki, alifanya kazi kubwa. Nasema tu kwamba kuna maswali ambayo mwanamke wa Kifipa wa 1913 asingemjibu, hata kama yeye angeyauliza.

Miaka ya sitini akaja Roy Willis, Mwingereza, mwanaanthropolojia. Huyu alitupenda kweli, na aliandika sana. Aliandika juu ya kamchape, ile harakati ya kusaka wachawi, mwaka 1968. Kwa hiyo uchawi wetu una makala yake ya kitaalamu. Alikusanya hadithi zetu, akazichapa 1978 kwa jina la There Was a Certain Man. Palikuwa na mwanamume mmoja. Sina la kuongeza kwenye jina hilo. Lakini makala yake ninayoirudia mara kwa mara ni ya 1967, "The Head and the Loins", kichwa na kiuno. Anasema katika fikra za Wafipa mwili una pande mbili zinazopingana na kutegemeana. Kichwa ni akili, ukubwa, utawala, uanaume. Kiuno ni ngono, uzazi, udogo, uke. Soma tena. Yaani kwa mujibu wa maandiko, hamu yote ya Ufipa imewekwa upande wa mwanamke. Yeye ndiye kiuno. Sasa katika kurasa zote hizo nitafute mwanamke mmoja anayesema, kwa nafsi ya kwanza, kiuno hicho kilitaka nini. Tunaelezwa anawakilisha nini, basi, ukurasa unafungwa.

Kinachochekesha ni kwamba simulizi kubwa kuliko zote za Ufipa, ambayo Willis mwenyewe ameichambua kwa kina, inaanza na wanawake. Watoto wa kwetu huisikia: mtawala wa Milansi ametoka kwenda kuwinda, wanatokea wanawake watatu, wageni, wametoka mbali. Wanakikuta kigoda cha utawala, wanakikalia, na utawala unakuwa wao. Ukoo wa Watwa unajitaja kuwa umetokana nao. Wasomi wamebishana vya kutosha walitoka wapi, kama ni kaskazini, kama ni wafugaji, kama ni kweli walikuwepo. Wamejadili asili yao, ngozi yao, mwendo wao. Na mimi nasema: jamani, hawa wanawake walikuwa na njaa na uchovu wa safari, wakaona kiti, wakakitaka, wakakaa. Simulizi nzima imesimama juu ya kutaka kwao. Hilo halijapata makala.

Namkumbuka pia Narwimba. Huyu si wa Chala, ni wa kusini zaidi, ukanda ule wa kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, karne ya kumi na tisa, wakati biashara ya watumwa imeivuruga nchi nzima. Uzeeni alimsimulia maisha yake mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer. Yakachapwa kwa Kijerumani, baadaye Marcia Wright akayaweka kwa Kiingereza kwenye kitabu chake cha 1993 juu ya watumwa na wanawake. Ndani yake kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma nasimama. Mumewe amekufa, hatari iko kila upande, na Narwimba anasema yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mpwa wa marehemu amchukue awe mkewe, apate ulinzi. Yeye ndiye aliyeomba. Utaniambia hiyo ni hofu, si hamu. Inawezekana. Ila hakuna aliyebaki wa kumuuliza tena, na msomaji wa Chala akitaka kumsikia bibi huyu itabidi ampitie kwa Kijerumani kisha kwa Kiingereza. Wakati Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema aliyetolewa utumwani Afrika Magharibi, maisha yake yalichapwa 1946 kama simulizi yake mwenyewe, kwenye Tanganyika Notes and Records. Vizuri sana, alistahili. Mkewe aliishi naye hapo hapo Karema miaka na miaka. Nani alikaa naye na daftari?

Niwe mkweli kwa Kathleen Smythe, aliyetoa Fipa Families mwaka 2006. Yeye alikuja Nkansi, akakaa na wazee, wake kwa waume, akauliza kuhusu malezi, uzazi na Kanisa kuanzia miaka ya 1880 mpaka 1960. Kitabu chake ndicho kinachotukaribia zaidi. Lakini swali lake lilikuwa la familia na dini, na ukiuliza familia utajibiwa familia. Luise White alipowahoji wanawake waliokuwa wakijiuza Nairobi ya kikoloni, kwa kitabu chake cha 1990, aliwauliza kazi, kodi na nyumba, nao wakamjibu kazi, kodi na nyumba, wakamjibu vizuri mno. Watu hujibu walichoulizwa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye kazi yangu mimi, ambayo ni uandishi wa habari, na ambayo kwa maoni yangu inabeba lawama kubwa kuliko anthropolojia yote.

Fungua gazeti lolote, tafuta mwanamke wa Rukwa. Utamkuta katika sura mojawapo kati ya hizi: ni mjamzito aliyechelewa kufika zahanati, ni mhanga wa ukatili, ni mnufaika wa mradi. Picha imepigwa kwa chini kidogo ili aonekane na anga. Ana kanga, ana mtoto, mara nyingi ana jembe au kuku wa mradi. Ana umri na idadi ya watoto. Ananukuliwa akishukuru. Nimeandika habari hizo na nyingi ni za kweli tupu. Wanawake wanakufa wakijifungua na wanapigwa, na mtu akinyamazia hilo ana dhambi. Ila nataka ujue zinavyotengenezwa. Mradi unatoa gari, unatoa posho, unatoa orodha ya watu wa kuhojiwa. Mnaondoka Sumbawanga saa mbili asubuhi, saa kumi mmerudi. Taddeo alikuwa na miaka minane. Mwandishi wa Tanzania ana masaa matatu chini ya mwembe, na afisa wa mradi amekaa pembeni akitikisa kichwa. Katika masaa hayo nani atakueleza alimpenda nani? Utaelezwa shida, kwa sababu wote mliokaa pale mnajua shida ndiyo iliyolipia mafuta.

Nikupe mfano wangu. Miaka michache iliyopita nilikwenda nyumbani likizo, bila mradi, kwa nauli yangu. Mama mmoja wa pale Chala, amepita hamsini, alikuwa ameacha mume baada ya miaka ishirini na kitu. Mji mdogo ule, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nikamwamkia shikamoo, akanipa ungo wa maharage nichambue, tukakaa. Nilirudi siku nne. Siku ya tatu ndiyo aliyosema.

Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alijenga nyumba ya bati, alisomesha, hakuwa mlevi, mkono hakuwahi kuuinua. Ila yeye hakumtaka, hakuwahi kumtaka, alipewa. Akavumilia mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza shule. Na katika miaka hiyo alikuwepo mwanamume mwingine, fundi, wa kijiji cha jirani, ambaye yeye alimtaka tangu siku alipokwenda kumtengenezea mlango. Alinieleza kilichomvutia. Ni kicheko. Yule fundi alikuwa akicheka anainamisha kichwa, kama mtu anayeficha kitu, na yeye akawa anatafuta maneno ya kumchekesha ili aone tena. Hakuna kilichotokea kwa miaka kumi na moja. Alitengeneza milango mingi, alisema, na mingine haikuwa mibovu.

Hapo tulicheka wote hadi maharage yakamwagika.

Nikaandika. Nikapeleka kwenye chombo kimoja cha habari, sitakitaja. Mhariri akanipigia simu.

"Alipigwa?"

Hapana.

"Alimfumania mume?"

Hapana.

"Alitelekezwa? Alinyimwa matumizi?"

Hapana, kaka, alikuwa anatunzwa.

"Sasa habari iko wapi?"

Nikamwambia habari ni hiyohiyo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Mfipa, Mkatoliki, alimtaka mtu, akasubiri, akaenda. Akasema ataiangalia. Wiki moja baadaye nikaletewa nakala iliyohaririwa. Mume amekuwa "mwenye kauli za ukali". Kicheko kimetolewa. Na pale nilipoandika "alimtaka" pamewekwa "alishawishiwa". Kitenzi kimoja tu, lakini tazama kilivyohamisha kila kitu: sasa mtendaji ni fundi, na mama wa watu amekuwa kitu kilichotendwa. Niliiondoa makala ile na malipo yake nikayasamehe.

Sikumlaumu sana mhariri kwa sababu mtaa wa Chala nao ulishahariri kabla yake. Wiki za mwanzo ilisemwa fundi kamwekea dawa. Alipoonekana fundi naye amekonda kwa mapenzi, ikageuka: mama ndiye kampa fundi limbwata. Tafakari hilo limbwata kidogo. Ni nani aliyewahi kusikia mwanamume akipenda, watu wakasema tu kwamba mke wake anapendeka? Hapana, amelishwa. Na mwanamke akitaka, amerogwa. Na kwa kuwa hapa ni Sumbawanga, mji ambao jina lake wenyewe husema maana yake ni tupa uchawi, maelezo hayo yanauzika nchi nzima. Tumekuwa ghala la taifa la maelezo ya kuepa neno moja: alitaka.

Na lugha nayo inashiriki, tusiiachie. Sema "yule mwanamke ana tamaa" uone watakavyokuelewa: pesa. Hamu ya mwanamume ina maneno ya kiungwana, kuna shauku, kuna ashiki, kuna mahaba. Ya mwanamke ikitoka kwenye utenzi ikaingia kwenye gazeti inabaki na tamaa, umalaya na kutoka nje. Mhariri wangu alibadilisha kitenzi, lakini Kiswahili cha magazeti kilishamwandalia.

Najua nitakayojibiwa, nimeshajibiwa nayo mengi. La kwanza ni maadili. Hili sitalipotezea muda. Nchi ambayo ngoma ya unyago inapigwa hadharani kwenye matamasha na watalii wanalipa kiingilio haiwezi kuniambia kwamba mama wa Chala akisema alimpenda fundi amevunja maadili.

La pili ni zito zaidi, na limesemwa na watu ninaowaheshimu: wanawake wa kwetu wana shida kubwa kuliko hiyo. Maji, hospitali, ardhi. Wewe unakuja na vicheko? Nalielewa. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Mwanamke wa Masaki ana ruhusa ya kuwa na maji na hamu pia. Mwanamke wa Nkasi asubiri kwanza maji yafike. Mwanamume wa Nkasi, naye hana maji, ila hakuna anayemwambia asubiri. Na huko Marekani Taddeo alipotoka na kitabu chake waliuliza, wakauliza kwa sauti, kwa nini wanawake wote watatu ni weupe. Ni swali la haki, na sisi tulishangilia lilipoulizwa. Toleo letu la swali hilo hatuliulizi. Hata katika kitabu cha Sekyiamah, nilichokipenda, sauti zilizonibaki kichwani ni za wanawake wa miji na ughaibuni, watu ambao tayari wana msamiati wa kuyasema haya. Yule asiye na msamiati, mwenye ungo wa maharage tu na kicheko cha fundi, nani anamngoja hadi siku ya tatu?

La tatu ni usalama, na hili ndilo ninalolibeba kwa uzito. Dar unaweza kubadili jina la mtu akapotea kwenye watu milioni kadhaa. Chala huwezi. Ukiandika mama aliyeacha mume akaenda kwa fundi, mpaka padri anajua ni nani. Taddeo aliwapa wawili wa wanawake wake majina ya kubuni, na nchi yao ni kubwa. Wale bibi wa Mombasa waliweka majina yao kamili, ila walikuwa wazee, wenye heshima zao, na waliokuwa wakiwahoji walirudi tena na tena. Sina kanuni ya jumla. Nina njia moja tu, ni ya polepole na hailipi: unaandika, unarudi, unamsomea mwenyewe kila neno kwa Kiswahili, yeye ndiye anaamua. Mwanaanthropolojia aliyechapa kwa Kiingereza hakulazimika kufanya hivyo. Sisi tunaoandika kwa lugha anayoielewa hatuna kisingizio. Na ndiyo sababu mimi nataka vitabu hivi viandikwe kwa Kiswahili, si kwa uzalendo. Nataka mhusika aweze kugomba.

Yule mama aligomba. Nilipomsomea makala yangu ya awali, ile ambayo haikutoka, alinisimamisha mara nyingi. Kwenye mwaka wa kuolewa. Kwenye bei ya bati. Nilimsomea na ile ya mhariri pia, nilidhani ana haki ya kuisikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mwanamke ni wa wapi.

Mwezi uliopita nilimpigia kumwomba ruhusa ya kumtaja hapa. Alisema sawa, mwanangu, lakini kwa masharti. Nisiandike kitongoji. Nisiwaingize watoto, wana familia zao. Na kile kicheko nisikitoe, hata kama wataniambia kimezidi.

Fundi, alisema, yuko nje anapasua mbao, anakusalimia.